Mashetani wa Costa Chica: yasomeni haya kabla ya kujaza fomu

Kila ifikapo Septemba, dawati letu la maombi ya matumizi ya picha na sauti hufurika. Vikundi vya ngoma, waandaaji wa sherehe na siku hizi watengeneza video wote wanataka kitu kimoja: vile vinyago vya pembe na ndevu za singa vinavyochezwa pwani ya kusini mwa Mexico. Mwaka huu malalamiko nayo yamezidi. Wapo wanaotutaka tuziondoe picha hizo maktabani kwa madai kwamba zinaeneza ibada ya shetani, na wapo waliochukia kwa sababu fomu zao zilirudishwa. Makala haya yanawahusu wote.

Ngoma hiyo ni Danza de los Diablos, Ngoma ya Mashetani. Kwao ni Costa Chica, ukanda wa pwani ya Pasifiki unaoanzia upande wa mashariki wa Acapulco, jimbo la Guerrero, ukaingia jimbo la Oaxaca. Vijiji vingi vya huko ni vya Wamexico wenye asili ya Afrika. Katika sensa ya 2020 waliojitaja hivyo nchi nzima walikuwa 2,576,213, yaani watu wawili katika kila mia. Katiba ya Mexico iliwataja kwa jina mwaka 2019 tu, ingawa Vicente Guerrero, rais aliyetangaza kukomesha utumwa mwaka 1829 na ambaye jimbo limepewa jina lake, alikuwa na damu hiyohiyo.

Babu zao waliletwa na biashara ya utumwa, wengi wao kati ya 1595 na 1640, pale wafanyabiashara Wareno walipokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa katika makoloni ya Uhispania. Costa Chica ilikuwa nchi ya ng'ombe. Wenyeji wa asili walikuwa wamepukutika kwa maradhi na kazi za shuruti, na mabwana wa mashamba wakawaweka watu weusi kuchunga mifugo. Wengine walikuwa watumwa, wengine watu huru, wengine watoro waliokimbilia huko kwa kuwa palikuwa mbali na macho ya serikali.

Sasa itazameni ngoma yenyewe, kitu kimoja kimoja. Singa za kinyago zimetoka kwenye shingo na mkia wa farasi. Pembe mara nyingi ni za paa au ng'ombe. Ala iitwayo charrasca ni taya la punda au la farasi lililokaushwa hadi meno yakalegea. Mpigaji hulipiga ngumi meno yakatetemeka yote kwa pamoja, kisha hukwaruza safu yake kwa kijiti. Pembeni yake kuna bote, kibuyu kilichowambwa ngozi, na katikati ya ngozi kimesimama kijiti kilichopakwa nta. Hakipigwi, kinasuguliwa kwa vidole, nacho hutoa mngurumo wa mnyama aliye kichakani. Angola wanayo ngoma ya kusugua ya namna hiyo, wanaiita puita. Kinanda cha mdomo hushika wimbo, na wachezaji wakiwa wameinama mistari miwili hukanyaga chini kwa kishindo hadi vumbi linapanda. Hakuna kitu hapo kilichonunuliwa dukani kwa ajili ya mapambo, ukitoa hicho kinanda. Ni zizi zima limeingia uwanjani.

Na katikati yupo Pancho, mwenye kiboko. Tafsiri inayosikika zaidi ni kwamba huyu ndiye mnyapara wa shamba. Huwachapa mashetani wanaotoka kwenye mstari. Mkewe, Minga, huchezwa na mwanamume aliyevaa gauni na kinyago cha mwanamke, mtoto wa bandia mkononi. Huwatongoza watazamaji na kumsukumia mwanamume yeyote mtoto huyo, kana kwamba amezaa naye. Pancho humkimbiza kwa kiboko, watu huvunjika mbavu. Aliyewahi kuona watani wakimwigiza marehemu msibani hahitaji kuelezwa kicheko hiki kinatoka wapi. Mnyapara aliyewachapa babu zao kweli, leo anachekwa na wajukuu.

Tuje kwenye hilo la shetani. Ngoma hii huchezwa kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi tarehe 2 Novemba, siku Wakatoliki wanayowakumbuka Marehemu Wote. Wachezaji hupita nyumba kwa nyumba palipotengwa meza ya marehemu, yenye picha, maua na vyakula. Wanawawakilisha wafu waliorudi kuwatembelea jamaa zao. Tumelieleza jambo hili kwa barua, kwa simu na kwenye mbao za maonyesho, na bado tunatumiwa aya zilezile za maandiko. Naomba basi mlalamikaji atazame video hadi mwisho kabla ya kuandika.

Kosa la pili huja kwa nia njema. Wengine huandika kwamba hawa ni ndugu zetu Waswahili, hivyo ngoma ni yetu na hatuna haja ya ruhusa. Ni kweli kuwa baadhi ya watumwa walitoka Msumbiji, wakapitishwa Manila na kushushwa Acapulco kwa merikebu za Kihispania. Lakini idadi yao ilikuwa ndogo ukilinganisha na waliovushwa Atlantiki. Undugu wa asili, hata ukithibitika, haumpi mtu hatimiliki.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Tangu mabadiliko ya Januari 2020, sheria ya hakimiliki ya Mexico inataka jamii au eneo la asili litajwe kila kazi ya namna hii inapotumiwa, na matumizi ya faida yawe na idhini ya maandishi ya jamii husika. Januari 2022 ikaja sheria maalumu ya kulinda urithi wa watu wa asili na wa Waafrika-Mexico. Chini yake urithi ni mali ya jamii nzima, kwa hiyo mchezaji mmoja hawezi kukuuzia. Idhini lazima iwe huru, itangulie matumizi, na itolewe baada ya jamii kupewa taarifa kamili. Zipo faini, na makosa mengine ni jinai yenye kifungo. Faini za Mexico huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho UMA, ambacho thamani yake hupangwa upya kila mwaka. Msituulize ni shilingi ngapi. Namna sheria hiyo inavyomgusa mtu aliye nje ya Mexico ni suala la wakili, na ofisi hii haitoi ushauri wa kisheria.

Kwa upande wetu, fomu ijazwe nakala mbili. Sehemu ya tatu itaje kijiji, si nchi: Cuajinicuilapa hawachezi sawasawa na Collantes, na kila kijiji kina fahari yake. Matumizi ya darasani hayalipiwi. Matumizi ya kiingilio au matangazo yaambatanishwe na idhini ya jamii, pamoja na tafsiri yake. Picha ya skrini ya mazungumzo ya simu haihesabiki. Fomu pungufu hurudishwa mara moja, ikirudi pungufu tena jalada linafungwa.

Wiki iliyopita tumepokea moja ambayo kwenye sehemu ya tatu mwombaji ameandika "Halloween". Imerudishwa.