Amsterdam: Mji wa Kale Wenye Wapangaji

Ukipita kando ya mfereji wa Herengracht jijini Amsterdam, tazama juu. Karibu kila nyumba ina boriti iliyochomoza chini ya paa, na kwenye ncha yake ndoano. Karne ya 17 ilitumika kupandishia bidhaa ghalani. Leo hupandishia makochi na friji, maana ngazi za ndani ni nyembamba, tena zimesimama kama za kukwea mnazi. Kwetu wahifadhi wa majengo ya kale, ndoano inayofanya kazi ni dalili njema: kuna mtu anahamia.

Mifereji hii mikuu ilianza kuchimbwa mwaka 1613, Uholanzi ilipotajirika kwa biashara ya baharini na, tusifiche, kwa jasho la watumwa. Ndiyo maana mwaka 2019 Makumbusho ya Amsterdam iliacha kuiita karne ile "zama za dhahabu".

Nyumba zenyewe zimebebwa na magogo ya misonobari yaliyopigiliwa topeni hadi kwenye mchanga mgumu. Gogo likizama majini daima, hudumu karne na karne. Maji yakipungua, hewa hupenya, kuvu hula kichwa cha gogo, na nyumba huanza kuinama. Kwa hiyo kabla ya rangi na nakshi, linda kina cha maji.

Lakini maji hayalipi fundi. Mwaka 1956 ilianzishwa kampuni ya Stadsherstel, inayonunua majengo mabovu, kuyakarabati na kuyapangisha. Kodi hurudi kwenye ukarabati. Kampuni ilipendelea nyumba za kona, kwani kona ikipendeza, wenye nyumba jirani nao hujikongoja kutengeneza zao. Mwaka 1975 wakazi wa Nieuwmarkt walipambana na polisi kupinga bomoabomoa ya kupisha reli ya chini ya ardhi. Reli ilipita, ila barabara kuu iliyopangwa kukatiza mtaa wao ilifutwa.

Siku hizi kinachomfukuza mpangaji ni mtalii. Mwaka 2019 jiji lilianza kumkataza mwenye nyumba kupangisha watalii zaidi ya usiku 30 kwa mwaka, na tangu 2024 hoteli mpya hairuhusiwi mpaka nyingine ifungwe. Mwenye nyumba hukasirika, bila shaka. Binafsi naona sheria hizo zimechelewa, kwa sababu nyumba ikishageuzwa ya wageni, kumrudisha mkazi ni kazi ngumu kuliko kubadilisha magogo.