Protini na umeme: yasemwayo na yaliyopimwa

Shuleni tuliambiwa nywele, kucha na sufu, vyote vya protini, ni vihami, yaani havipitishi umeme. Ni kweli, sote tumejionea kitana kilichopitishwa kwenye nywele kavu kikinasa vipande vya karatasi. Kosa huanza mtu anapodhani kwamba hata protini moja, yenye unene wa nanomita 3 hivi, haipitishi kitu.

Chukua azurini, protini ya samawati ya bakteria Pseudomonas aeruginosa. Ni asidi amino 128 zilizokunjwa kuzunguka atomu moja tu ya shaba. Katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, watafiti huipanga tabaka moja baina ya elektrodi mbili, yaani ncha za kupitishia umeme, na kupima. Mkondo wa umeme hupita. Tena hupita protini ikiwa kavu, kwa hiyo ule usemi kwamba nje ya maji protini huharibika papo hapo nao hausimami.

“Basi waya ni ile shaba.” Sivyo. Shaba ilipotolewa, mkondo haukukatika. Kilichogeuka ni tabia yake. Azurini yenye shaba haijali joto, kuanzia takriban nyuzi -190 za Selsiasi hadi 80 na ushei. Isiyo na shaba, ikishavuka nyuzi -70 hivi, mkondo wake hupanda kadiri joto linavyopanda.

“Elektroni hutiririka kama maji bombani.” Mfano huu umetupotosha wengi, nami nikiwemo. Elektroni ina tabia ya wimbi: ukuta ukiwa mwembamba, hutokea upande wa pili bila kuuruka. Ila ushuru wake ni mkali. Vipimo vya mkemia Harry Gray na wenzake wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, vinaonyesha kasi ya elektroni kuvuka hugawanywa kwa 3 hivi kila umbali unapoongezeka sehemu ya kumi ya nanomita. Zidisha 3 kwa 3 mpaka zitimie kumi: nanomita 1 tu, kasi imeshuka karibu mara 60,000!

Ndiyo maana safari ndefu huhitaji vituo, na hapa hata wataalamu waliteleza. Nyuzi za bakteria Geobacter zinazopitisha umeme zilidhaniwa na wengi kuwa pili, vijinywele vya bakteria. Picha za hadubini zilizochapishwa 2019 zikaonyesha mnyororo wa protini ziitwazo saitokromu OmcS, kila moja ikiwa na hemu sita zilizokaribiana, yaani molekuli ndogo zenye chuma, jamaa za ile ya damu yetu; hizo ndizo vituo.

Azurini haina mnyororo huo. Kwa hesabu yetu ya 3 mara 3, ilipaswa kupitisha kidogo sana kuliko kinachopimwa, na sababu yake bado inabishaniwa.