Tangi Kubwa, Mfereji Mwembamba: Tunayokosea Kuhusu Mwisho wa Mafuta

Kila tarehe 14 jioni, steji yetu ya boda boda hapa Umoja, Nairobi, huwa na kazi moja: kusubiri EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, itangaze bei ya mafuta. Abiria anaambiwa avute subira, macho yote kwenye simu. Bei mpya huanza usiku wa manane, kwa hivyo ikisikika inapanda, pikipiki hutoweka zote kwa mpigo kuelekea kituoni. Ikisikika inashuka, kila mtu hubaki na vitone vyake mpaka asubuhi.

Ni katika ngoja-ngoja hiyo mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya Mombasa, alipotuambia: "Vijana wangu, hangaikeni tu. Mafuta ya dunia yamebaki ya miaka hamsini. Baada ya hapo ni punda."

"Na yale ya Turkana, mzee?" akauliza mmoja.

Tulicheka. Lakini katika maneno hayo machache mlikuwa na karibu kila kosa ambalo watu hufanya wakizungumzia mwisho wa mafuta, pamoja na yale wanayofanya wasomi.

Dhana: Mafuta yamebaki ya miaka hamsini

Hesabu yenyewe si ya uongo, na ndiyo maana inapotosha. Unachukua akiba ambayo nchi na kampuni zinasema inaweza kuchimbwa kwa faida, unaigawanya kwa kiasi kinachochimbwa kwa mwaka. Mwaka 2020 jibu lilikuwa miaka 53 hivi. Mwaka 1980 hesabu hiyohiyo ilitoa miaka kama 30. Ingekuwa ni saa inayohesabu kurudi nyuma, visima vingekauka karibu mwaka 2010. Badala yake tulichimba miaka 40 mfululizo na miaka "iliyobaki" ikaongezeka.

Akiba si ndoo iliyopimwa mara moja. Bei ikipanda, mafuta ambayo hayakuwa na faida yanaingia daftarini. Mchanga wa lami wa Kanada na mafuta mazito ya Venezuela yaliingia hivyo. Na tusisahau kwamba katika miaka ya 1980 nchi kadhaa za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, zilipandisha takwimu zao za akiba kwa mkupuo, bila kutangaza ugunduzi wa kulingana na nyongeza hiyo, wakati ambapo akiba kubwa ilisaidia kudai mgao mkubwa wa kuuza. Kwa hiyo takwimu ya mzee ina jiolojia ndani yake, ina biashara, na ina siasa. Kalenda haimo.

Dhana: Siku ya kilele ndiyo siku mafuta yanapoisha

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ukielewa hili mengine yanafuata yenyewe.

Ploti ninayokaa ina tangi la lita 10,000 juu ya paa na mfereji mmoja uani. Maji ni ya kisima, yana chumvi, na chumvi imeuziba mfereji ukabaki na tundu kama la kalamu. Tangi likiwa limejaa pomoni, foleni ya mitungi bado inafika getini. Hakuna anayelalamika kwamba maji yameisha. Wanalalamika kwamba mtungi wa lita 20 unachukua dakika nane. Mama wa chumba cha nne, anayefulia watu nguo kwa malipo, ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kazi yake inahitaji maji ya saa hii. Yale ya juu ya paa hayamsuuzii shuka.

Wanaozungumzia kilele cha mafuta wanazungumzia mfereji. Dunia inatumia zaidi ya mapipa milioni 100 kwa siku, kila pipa lita 159. Kilele ni wakati ambapo mtiririko huo umefikia kasi ambayo hautaifikia tena. Siku hiyo bado kuna mafuta mengi ardhini. Katika mchoro wa kawaida wa hesabu hizi, karibu nusu. Yaliyotangulia kutoka yalikuwa ya karibu, mepesi, ya kutoboa tu yakaruka. Yaliyobaki ni ya bahari kuu, mazito, ya kuchemshwa na kukamuliwa, na kuyatoa kwenyewe kunakula nishati.

Venezuela ndiyo tangi la paani kabisa. Inadai akiba ya mapipa bilioni 300 hivi, kubwa kuliko ya nchi yoyote, lakini kati ya 2020 na 2023 haikufikisha wastani wa hata mapipa milioni moja kwa siku. Mafuta yake ni mazito, mitambo ilikuwa imechakaa, na kulikuwa na vikwazo vya Marekani. Tangi limejaa, mfereji umeziba.

Dhana: Waliotabiri walikosea, basi mjadala umekwisha

Jina linalotajwa hapa ni M. King Hubbert, mwanajiolojia wa kampuni ya Shell. Mwaka 1956, mjini San Antonio, Texas, aliwaambia watu wa sekta ya mafuta kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kileleni kati ya 1965 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1970 Marekani ilifikisha mapipa karibu milioni 9.6 kwa siku, kisha ikaanza kuteremka, ikafika milioni 5 hivi mwaka 2008. Kwa karibu miaka 40, huyu bwana alikuwa nabii.

Halafu yakaja mafuta ya miamba migumu. Wamarekani walijifunza kutoboa kwenda chini kisha kukata kona kulala na mwamba, na kuupasua kwa maji, mchanga na kemikali. Mteremko ukageuka kuwa mlima mpya, na mwaka 2023 walikuwa karibu na mapipa milioni 13. Kwa dunia nzima pia Hubbert alikosea: aliweka kilele karibu mwaka 2000.

Wengine hufunga kitabu hapo, na mimi naona wanakifunga mapema mno. Mwaka 1998 Colin Campbell na Jean Laherrère waliandika kwamba mafuta ya kawaida, yale ya kutoboa na kupampu, yangefika kileleni ndani ya miaka kumi hivi. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Nishati lenyewe lilieleza kwamba mafuta ghafi ya kawaida yalifika kileleni mwaka 2006, mapipa milioni 70 kwa siku, na halikutarajia yarudi pale. Kilichoongeza jumla baada ya hapo ni hayo ya miamba, ya mchanga wa lami, na vimiminika vya gesi asilia. Kisima cha mwamba nacho hakina subira: mara nyingi utokaji wake hushuka kwa zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza, kwa hivyo unatoboa kingine, na kingine tena, ili ubaki palepale.

Basi nani alishinda? Waliosema mafuta rahisi yatafika kikomo hawakuwa mbali. Waliosema pesa na ufundi vitaleta mafuta mengine nao hawakuwa mbali. Wote wawili walitaka ushindi mtupu, na hakuna aliyeupata.

Dhana: Bei ikipanda ni dalili mafuta yanaisha

Julai 2008 pipa lilifika dola 147. Kabla mwaka haujakwisha lilikuwa chini ya dola 40. Tarehe 20 Aprili 2020, wakati dunia imejifungia ndani kwa korona na matangi yamejaa, bei ya mafuta ya Texas ilianguka hadi chini ya sifuri: aliyekuwa nayo alikulipa dola 37 ili umwondolee pipa. Hakuna jiolojia inayoweza kufanya vituko hivyo.

Tena sisi wa Nairobi tuna tabaka zetu juu ya hilo. Oktoba 2023 lita ya petroli hapa ilifika shilingi 217.36, rekodi ya wakati huo ambayo wanaboda wanaikumbuka kama tarehe ya msiba. Wakati huo pipa halikuwa limegusa dola 100. Kilichotupiga ni shilingi iliyokuwa ikiporomoka mbele ya dola, na ushuru wa VAT kwenye mafuta uliotoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai mwaka huohuo. Ukitaka kujua mafuta ya dunia yako wapi, ubao wa kituo cha mafuta utakudanganya.

Dhana: Sisi tuna Turkana

Kisima cha Ngamia 1 huko Turkana kilitoa mafuta mwaka 2012 na nchi nzima ikaota ndoto ya Dubai. Mwaka 2018 malori yalianza kuyabeba kwenda Mombasa kwa majaribio, na Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka na mapipa zaidi ya 200,000. Gawanya kwa matumizi ya dunia: shehena ile inatosha dakika tatu hivi. Hata yale mapipa milioni 560 yaliyowahi kukadiriwa kuweza kuchimbwa Lokichar, Turkana, ni siku tano na nusu za dunia.

Si kwamba hayana maana. Kwa Kenya ni pesa, na kwa watu wa Turkana ni ardhi, malisho na haki zao. Lakini hayatashusha bei Umoja. Mafuta yale yana nta nyingi, huganda kama samli asubuhi ya baridi, na bomba la kuyafikisha baharini lazima lipashwe moto njia nzima. Hali ni hiyohiyo kwa ya Uganda, ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, ni la kupashwa moto. Tena kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Tungeyachimba leo, tungeyauza ghafi, kisha tununue petroli ileile tunayonunua sasa.

Dhana: Mafuta yakipungua, tutarudi enzi za mawe

Dhana hii ina jina, na jina lenyewe limeokotwa kwetu. Mhandisi Mmarekani, Richard Duncan, aliiita nadharia ya Olduvai, kwa bonde lile la Tanzania ambako akina Leakey, familia ya watafiti wa mambo ya kale, walifukua zana za mawe na mifupa ya binadamu wa kale. Alidai jamii ya viwanda ingeishi miaka kama mia moja tu, kuanzia 1930 hadi 2030, kisha umeme uzimike na watu warudi walikotoka. (Wamaasai wanapaita Oldupai, kwa mkonge mwitu unaoota pale, na wanachunga ng'ombe wao bila kujua kwamba wao ndio mwisho wa dunia wa mtu fulani.)

Duncan alipima nishati kwa kila kichwa duniani na kusema ilifika kileleni mwaka 1979. Ilipita hapo baadaye, hasa kwa makaa ya mawe ya Uchina. Historia ya makaa hayohayo inamkana pia. Uingereza, mama wa viwanda, ilifika kilele cha uchimbaji mwaka 1913, tani milioni 287. Haikurudi mapangoni. Ilihamia mafuta, gesi na nyuklia, na kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa kikafungwa tarehe 30 Septemba 2024, makaa mengine yakiwa bado ardhini. Miji ya wachimbaji ndiyo iliyoumia njiani, na iliumia sana.

Nani anaumia njiani ni swali linalonihusu kuliko hilo la mapango. Aprili 2022 Nairobi ilionja. Mafuta ya dunia hayakuwa yameisha; kampuni zilikuwa zinaidai serikali fidia ya ruzuku, na vituo vikakauka. Nilipanga foleni saa tatu kununua petroli ya shilingi 500, kila gari kwa kipimo. Wenye magari makubwa walituma madereva wakashinde foleni. Mwanaboda aliyeshinda foleni alikosa chakula cha siku hiyo. Sukumawiki ilipanda ndani ya siku mbili. Mfereji ukibana, wa mwisho kwenye foleni ni walewale.

Dhana: Tuna Olkaria, hatuhitaji mafuta

Umeme wetu kweli ni wa kujivunia: sehemu kubwa mno ni ya mvuke wa ardhini, hasa wa Olkaria, maji, upepo na jua. Lakini umeme ni kipande kidogo cha nishati ya Kenya. Karibu thuluthi mbili bado ni kuni na makaa ya miti, na kinachosogea barabarani karibu chote ni mafuta. Lami ya barabara ya Outer Ring ni mafuta. Godoro lako ni mafuta. Mbolea ya naitrojeni, ambayo watu huitia humu, hutengenezwa hasa kwa gesi asilia, lakini hupanda kutoka Mombasa kwa dizeli.

Na kuna wanaosema mafuta hayatafika kilele cha kuchimbwa kwa sababu mahitaji yatashuka kwanza, magari ya umeme yakizidi. Huenda. Uchina inaelekea huko kwa kasi. OPEC inapinga, na OPEC ina bidhaa ya kuuza.

Kwenye steji yetu kijana mmoja ameshanunua pikipiki ya umeme. Tarehe 14 iliyopita ndiye pekee aliyekubali kunibeba bila kutazama simu. Tulisimama njiani, akatoa betri iliyokwisha, akatia iliyojaa, tukaondoka kabla sijamaliza kujibu ujumbe. Nauli alinitoza ileile ya wenzake wa petroli, pamoja na ile ishirini waliyoongeza jioni hiyo. Nilipomuuliza, akasema bei ya steji ni moja.