Ndugu Akisema Amechoka Kuishi: Maswali ya Familia za Moshi

Swali: Mdogo wangu anaandamwa na mikopo kausha damu, ile ya riba kubwa mno. Jana alisema bora asingezaliwa. Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, sitakuwa nimempa wazo hilo?

Hapana. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kuuliza waziwazi hakupandikizi wazo la kujiua, na wengi hupata nafuu wanapoona kwamba hatimaye yupo mtu wa kuwasikiliza bila kushtuka. Kaeni mahali pa faragha, umwambie: "Maneno yako ya jana yamenitia hofu. Je, unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza, hata kama jibu litachelewa. Akikubali, muulize kama amepanga namna na wakati, na kama tayari anacho kitu anachokusudia kukitumia, kwa sababu mwenye mpango na nyenzo yuko katika hatari ya karibu na hapaswi kuachwa peke yake hata kwa muda mfupi.

Swali: Ameniomba nisimwambie mtu yeyote. Nifanyeje?

Usiahidi. Mweleze kwa upole kwamba hutatangaza mambo yake mtaani, lakini utamshirikisha mtu mmoja au wawili wanaoweza kusaidia. Usimwambie ajikaze kiume, wala kwamba wako wenye shida kubwa kuliko zake. Maneno hayo humfunga mdomo.

Swali: Tunaishi Kibosho, na usiku umeingia. Tufanye nini hadi asubuhi?

Ikiwa hatari ni ya karibu, msisubiri asubuhi. Vinginevyo, mtu mmoja alale naye chumba kimoja, na dawa za kunyunyizia kahawa, dawa za mifugo na vidonge vyote viondolewe nyumbani kabisa, vipelekwe kwa jirani mnayemwamini. Pombe nayo iwekwe mbali, kwani hupunguza uwezo wa kujizuia. Familia nyingi huona jambo hili ni dogo, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko nasaha zote, kwa kuwa msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda kwa ghafla na kushuka baada ya muda, na asiyepata nyenzo katika saa hizo anaweza kuvuka salama. Sri Lanka ilipoanza kupiga marufuku dawa za mashambani zenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

Swali: Tumpeleke wapi?

Nendeni idara ya dharura ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mawenzi au KCMC, saa yoyote, na mseme wazi kwamba mgonjwa anafikiria kujiua; msiseme ni malaria au presha. Walioko Arusha wanaweza kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Ikiwa amekwisha kunywa kitu, msimtapishe wala kumpa maziwa, bali mwahisheni kituo cha afya kilicho karibu zaidi na mchukue chupa au pakiti ya alichokunywa. Polisi wa dharura hupatikana kwa namba 112, Wizara ya Afya kwa 199, na mtoto au kijana mdogo anaweza kupiga 116 bila malipo.

Swali: Tunaogopa kwamba atashtakiwa.

Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Hata hivyo, kufikiria kujiua na kuomba msaada si kosa. Aliyekwisha kujidhuru naye anahitaji matibabu kwanza, na kumficha ndani kwa sababu ya sheria kunaweza kumnyima uhai ambao bado ungeokolewa.

Swali: Akitoka hospitali, je, tumemaliza?

Bado. Majuma ya kwanza baada ya kuruhusiwa ni ya hatari kubwa, hivyo msikose tarehe ya kliniki na mtu ampigie simu kila siku. Zungumzeni pia kuhusu deni lenyewe.

Swali: Je, ikiwa anayefikiria hivyo ni mimi mwenyewe?

Toka chumbani sasa hivi uende mahali palipo na watu. Kisha mpigie dada, rafiki, padri, shehe au yeyote unayemwamini, umwambie maneno haya tu: "Nafikiria kujiua, naomba uje unipeleke hospitali." Huna haja ya kueleza sababu kwenye simu.