Je, wajua kwa nini laptopu hugoma kuwaka baada ya BIOS, programu ya kwanza kabisa kuamka ndani yake, kusasishwa, na kwa nini "kupiga window", yaani kuisakinisha Windows upya, hakuiponyi?

Mpwa wangu alikuja kwangu Kijenge, Arusha, asubuhi moja ya masika, laptopu kaikumbatia kifuani, kaizungushia kanga isilowe. "Mjomba, imezima." Usiku uliotangulia alikuwa anamalizia ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Pembeni ya kioo kikatokea kibango kwamba kuna sasisho linasubiri, akakubali iwashwe upya, akaenda kuinjika chai. Aliporudi alikuta kioo cheusi. Akangoja dakika mbili tatu, subira ikamwisha, akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka taa zikazima. Tangu hapo kila akiiwasha, feni inavuma, taa ya Caps Lock inapepesa, kisha kimya.

Ushauri alikuwa ameshaupata hosteli kabla hajafika kwangu: kaipige window. Arusha nzima ndiyo dawa yetu. Laptopu nzito, piga window. Ina virusi, piga window. Sauti haitoki, piga window. Safari hii dawa hiyo isingeingia hata mdomoni, kwa sababu kilichoumia kinatangulia Windows.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikipata umeme haijui chochote. Haijui kama kuna diski wala kioo, na hata RAM, kumbukumbu ya kazi iliyo sentimita chache kutoka ilipo, haiwezi kuitumia bado. Inachojua ni mahali pamoja tu pa kusoma amri ya kwanza. Kwa prosesa za jamii ya Intel, ni anwani iliyo baiti 16 chini ya mpaka wa gigabaiti 4. Anwani hiyo inaelekea kwenye chipu ndogo ya miguu minane iliyolehemewa kwenye bodi, ukubwa wake ni kama punje ya hindi. Humo ndimo inamokaa BIOS, au UEFI ukipenda jina la kizazi kipya. Katika laptopu nyingi za sasa chipu hiyo hubeba megabiti 128, yaani megabaiti 16, nafasi ya picha chache za simu basi.

Hizo megabaiti 16 ndizo zinazoiandaa RAM, kukiamsha kioo, kuitambua kibodi, kuitafuta diski, na mwisho kabisa kumwita Windows. Windows ni mgeni rasmi, anafika viti vimeshapangwa na maji yapo mezani. Ukichomeka fleshi yenye Windows kwenye laptopu ambayo BIOS yake imeharibika, hakuna wa kuisoma, maana anayejua kusoma fleshi saa hiyo ni BIOS mwenyewe. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Sasa kwa nini kusasisha kunaweza kuiharibu? Kumbukumbu ya chipu hizi ina tabia ya ubao wa darasani wenye dasta pana mno. Kuandika unaweza kuandika herufi moja moja, lakini kufuta herufi moja huwezi. Kinachofutwa ni kipande kizima, na kipande kidogo kwa kawaida ni kilobaiti 4. Kikifutwa, biti zake zote hugeuka 1, ndipo maandishi mapya yaingie. Kati ya dasta na chaki kuna muda ambapo kipande hicho hakina la zamani wala jipya. Umeme ukipotea hapo, au kidole cha mwenye haraka kikishikilia kitufe, prosesa kesho yake itasoma ubao uliofutwa na kukwama papo hapo.

Utaniambia laptopu ina betri, umeme ukikatika inahusu nini. Ingekuwa betri kweli! Nyingi tunazotumia ni used kutoka Dubai, na betri zake ni pambo: zinasema asilimia 60, ukichomoa chaja laptopu inazima hapo hapo. Programu ya kusasisha kwa kawaida hukataa kuanza bila chaja, au betri ikiwa chini, lakini yenyewe inaamini kile betri inachosema.

Chipu hii imewahi kushambuliwa hata kwa makusudi. Kirusi kiitwacho CIH, kilichotokea mwaka 1998, kilikuwa kinajificha kwenye Windows 95 na 98, na tarehe 26 Aprili 1999 kikaamka, kikafuta mwanzo wa diski na kujaribu kuandika uchafu juu ya BIOS. Ndiyo, siku ya Muungano, ingawa Muungano wetu haukuhusika. Enzi hizo kompyuta nyingi za mezani zilikuwa na chipu ya kuchomeka kwenye soketi, ukiharibikiwa unaing'oa na kupachika nyingine. Kwenye laptopu za leo imelehemewa.

Hayo ndiyo mabaya. Lakini laptopu nyingi zinazopelekwa kwa fundi baada ya sasisho bado ni nzima, na nadhani tunaziua wenyewe kwa pupa. BIOS mpya ikianza kazi mara ya kwanza huwa inaipima RAM upya kutoka sifuri, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi tii. Nyingine hujizima na kujiwasha mara mbili tatu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kutofanya kitu: chaja ichomekwe, mikono mifukoni, nusu saa. Kama mpwa wangu angekaa jikoni mpaka chai ichemke vizuri, makala hii isingekuwepo.

Nusu saa ikipita, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa kukufuata, BIOS iko hai na shida ipo mbele yake, pengine ni kioo tu. Jaribu tivii kwa waya wa HDMI. Taa ikipepesa yenyewe kwa mpigo, hesabu: watengenezaji wengi huzungumza kwa taa hizo, na maana yake ipo kwenye kitabu cha modeli husika. Kwenye HP nyingi za miaka ya nyuma, kupepesa mara mbili ni BIOS iliyoharibika, mara tatu ni RAM. Kama hakuna dalili yoyote, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 kumaliza chaji iliyobaki kwenye bodi, halafu anza upya. Ni kitu cha kijinga na kinasaidia mara nyingi kuliko kinavyostahili.

Ukiona maandishi kwamba hakuna diski ya kuwashia, shukuru. BIOS inafanya kazi. Mara nyingi sasisho limerudisha tu mipangilio ya kiwandani. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, kwa F2 au F10 kulingana na kampuni, uangalie diski imewekwa AHCI au RAID, njia mbili tofauti za kuongea na diski. Windows iliyozoea moja ikikuta nyingine hugoma kuwaka, ukiirudisha kama ilivyokuwa inaamka na faili zake zote. Hapa ndipo fundi mvivu anapopiga window na kufuta picha za harusi ya mtu bila sababu.

Kuna pia kioo cha bluu kinachodai namba 48 za BitLocker, kufuli la Windows la diski. Diski imefungwa kwa siri, na ufunguo unatunzwa na chipu ya usalama iitwayo TPM, ambayo hupokea vipimo vya BIOS kila laptopu inapoamka. BIOS ikibadilika, vipimo havifanani, TPM inakunja mikono kama mtunza stoo aliyepigiwa simu na bosi mwenye mafua: sauti siyo, mzigo hautoki. Namba hizo mara nyingi zimehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu. Tatizo ni kwamba wengi walifunguliwa akaunti na muuza duka, na nywila alibaki nayo yeye.

Ya mpwa wangu haikuwa kati ya hizo. Tulihesabu mipepeso, tukalinganisha na kitabu: BIOS imeharibika. Tukajaribu mlango wa dharura. Watengenezaji wengi huacha kipande kidogo cha BIOS kisichoguswa na sasisho, chenye akili ya kutosha kusoma faili ya uokozi tu. Kwenye HP nyingi unashikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B ukiwasha. Kwenye Dell nyingi unashikilia Ctrl na Esc laptopu ikiwa imezimwa, kisha unachomeka chaja. Fleshi iwe imeformatiwa FAT32, na faili iwe ya modeli hiyo hiyo, siyo ndugu yake. Kwetu, kimya. Mlango nao ulikuwa umeungua.

Mchana tukateremka Ngarenaro kwa fundi mmoja, kibanda chake upana wa mlango na nusu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, ulizima wewe au ilijizima?" Mpwa akaangalia chini. Fundi hakuongeza neno.

Akafungua mgongo, akachomoa waya wa betri kwanza, akamulika bodi kwa tochi ya simu akisoma namba iliyo juu ya chipu. Hizi chipu, alinieleza, nyingine ni za volti 3.3 na nyingine 1.8, ukikosea unaikaanga. Akatoa kifaa cha USB cha bei rahisi chenye chipu ya CH341A, akabana miguu minane kwa kibanio chake, akaanza kusoma. Akahifadhi. Akaachia kibanio, akabana tena, akasoma mara ya pili, akalinganisha faili mbili. Hazikufanana. "Kibanio hakijakaa, mzee." Akafuta miguu ya chipu kwa spiriti, akarudia mpaka mbili za mfululizo zikalingana. Nilimwuliza kwa nini asiandike tu mpya yakaisha. Alisema ndani ya hiyo mbovu kuna namba ya utambulisho (serial) ya laptopu hii na leseni yake ya Windows, vitu visivyopatikana kwenye faili ya mtandaoni. Ukimpandikiza BIOS ya mwenzake, atawaka akijiita jina la mwenzake.

Kisha akamgeuzia mpwa wangu kompyuta yake. Mistari ya herufi na namba ilishuka, imejaa, imejaa, halafu ghafla FF FF FF FF, ukurasa baada ya ukurasa. FF ni biti nane zote zikiwa 1. "Hapa pamefutwa, hapajaandikwa. Hapa ndipo ulipobonyeza."

Alichota BIOS safi kutoka kwenye faili ya mtengenezaji, akahamishia zile sehemu za utambulisho, akaandika, akahakiki. Dakika kadhaa. Akarudisha waya wa betri, akachomeka chaja, akawasha. Feni ikavuma, kioo cheusi. Mpwa wangu akasogeza mkono.

"Acha," fundi akasema, akavuta kiti, akaanza kumenya chungwa.

Chungwa lilikuwa limebaki pande mbili kioo kilipowaka: bluu, kikidai namba 48. Mpwa akafungua akaunti yake kwenye simu, bahati nzuri aliifungua mwenyewe, akaanza kusoma sita sita, makundi manane, fundi akichapa kwa kidole kimoja kisicho na juisi.