Hela ya Tabora: mkwaruzo si chapa adimu

Mjomba alikuwa akichimba shimo la choo nyumbani kwake Mikindani, jembe likaibua sarafu ya Mjerumani ya hela 20. (Neno letu "hela" limetokana na hiyo hiyo Heller yao.) Tangu siku hiyo majirani wamemjaza maneno, yale yale ninayoyasikia kila nikienda Mtwara. Nayajibu hapa, maana sarafu hizi zinaharibika mikononi mwetu hivi hivi tunaona.

"Ina alama ya ajabu, basi ni adimu." Hii ndiyo inayopoteza wengi. Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Mkusanyaji hutafuta tofauti iliyo kwenye muhuri wenyewe, kwa hiyo lazima ijirudie kwenye sarafu nyingine zilizogongwa nao. Alama ya sarafu moja peke yake mara nyingi ni ya jembe, msumari au koleo. Ishike kwa kingo zake, uizungushe taratibu chini ya lenzi kwenye mwanga wa dirisha. Muhuri ukipata ufa, shaba huingia ndani ya ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo huchimba. Mstari wa mjomba ulikuwa umechimba, na ndani yake shaba iling'aa mbichi kabisa: jembe la juzi.

"Ile herufi T kwenye sarafu ni Tanganyika." Ni Tabora. Nchi hii ilipewa jina la Tanganyika mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walifunga bahari, Wajerumani wakaishiwa chenji, wakagonga sarafu zao kwenye karakana ya reli ya Tabora.

"Tazama mwaka." Zote ni 1916! Tazama taji: lipo kubwa na lipo dogo. Geuza upande wa neno HELLER, ukague L zote mbili, kama ncha zake zimechongoka au zimejikunja. Kisha metali, shaba nyekundu au ya njano. Vitatu hivyo vikikutana ndipo utajua umeshika aina gani.

"Haina mwaka, basi ni bandia." Sarafu za shaba za sultani wa Kilwa, Ali bin al-Hasan, hazina mwaka, nazo ni halali kabisa. Ila ukiokota moja huko Kilwa, ipeleke kwa watu wa mambo ya kale: sheria ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

"Ing'arishe kwanza." Hapa ndipo roho iliniuma. Mjomba alikuwa ameshaisugua kwa ndimu na majivu. Taji kubwa nililiona, shaba nyekundu niliiona, lakini ncha za L zilikuwa zimelika, hazisomeki tena. Udongo ukiganda, loweka kwenye maji safi tu, kisha gusisha kitambaa laini bila kusugua.

Wiki iliyopita jirani yake amepata nyingine. Mjomba mwenyewe ameifunga kwenye karatasi pamoja na udongo wake, na ameniambia haigusi mtu mpaka nifike.