Sifuni, kwa maana...

Jumatano jioni huwa naketi na timu ya sifa ya kanisa letu hapa Umoja, Nairobi, tukisoma Zaburi. Mchana mimi ni mwalimu wa Agano la Kale katika chuo cha Biblia, na neno la Kiebrania ninalolirudia darasani kuliko yote lina herufi mbili tu: ki. Biblia yetu hulitafsiri "kwa kuwa", "kwa maana" au "maana". Ukilitoa, zaburi nyingi za sifa zinabaki bila uti wa mgongo.

Chukua Zaburi ya 117, iliyo fupi kuliko zote 150. Ina mistari miwili. Wa kwanza unayaita mataifa yote yamsifu BWANA. Wa pili unaanza na "maana", kisha unataja sababu: fadhili zake kwetu ni kuu, na uaminifu wake ni wa milele. Imekwisha hapo. Kwanza wito, halafu sababu. Hata "haleluya" ni wito: ni amri inayoelekezwa kwa watu wengi, "msifuni Yahu", yaani BWANA. Anayeitamka anawageukia wenzake na kuwaalika, na aliyealikwa ana haki ya kujua anaitiwa nini.

Ndiyo maana naumia Jumapili nyingi. Tunaimba kwamba Bwana ametenda makuu, tunaimba kwa machozi na kwa moyo wa kweli, lakini mgeni aliyeketi benchi la nyuma anaweza kutoka asijue hata jambo moja lililotendwa.

Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unaishia na kiitikio kile kile, "kwa maana fadhili zake ni za milele". Kiitikio tunakikumbuka sote. Tunachokisahau ni nusu ya kwanza ya kila mstari: mbingu, nchi juu ya maji, jua, mwezi na nyota, Misri, Bahari ya Shamu, jangwa, kisha Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani. Kijana wetu wa kinanda aliniuliza Ogu anatafuta nini ndani ya wimbo wa ibada. Swali zuri sana. Nilimjibu kwamba jina la mtu na jina la mahali huzuia tendo la Mungu lisigeuke kuwa maneno ya jumla. Israeli hawakusema tu "ametushindia". Walisema nani alishindwa, na ufalme wake ulikuwa wapi. Halafu, mistari michache baada ya wafalme hao, mstari wa 25 unashuka hadi kwenye chakula: huyo huyo ndiye anayewalisha wote wenye mwili. Wafalme na ugali katika wimbo mmoja.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja anayeuza mboga alisimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe." Tukaitikia. Akasema, "Alhamisi saa tisa usiku mtoto wangu alishikwa na pumu, na dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha. Nikabisha kwa jirani ambaye hatujasalimiana tangu Januari kwa sababu ya maji ya ploti. Akafungua. Akatupeleka hospitali na pikipiki yake. Asubuhi akanirudishia ndoo yangu." Akaketi.

Ndoo! Angeweza kusema "Mungu amenitendea" na sisi tungesema amina. Lakini alipoitaja ile ndoo tuliona matendo mawili, pumzi ya mtoto iliyorudi na uadui uliokwisha, na hakuna aliyehitaji kutuhimiza tuimbe.

Wazee wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, waliujua utaratibu huu bila kusoma Kiebrania. Mtu alisimama, akamsifu Bwana Yesu, akaeleza ametolewa katika dhambi gani, ndipo wenzake wakamwitikia kwa "Tukutendereza Yesu", yaani "tunakusifu, Yesu" kwa Kiganda. Wimbo ulilijibu tendo lililokwisha kusimuliwa.

Sheria ya Musa nayo ilikuwa na njia yake. Walawi sura ya 7 inaagiza kwamba nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata kidogo mpaka asubuhi. Fikiria mtu aliyechinja ng'ombe mzima. Atafanyaje kama si kuwaita watu? Nao watakaokuja watauliza, "Imekuwaje?" Tunapofanya ibada ya shukrani nyumbani, pilau ikapakuliwa na majirani wakajaa mpaka kwenye ngazi, tuko karibu sana na Walawi 7, mradi mwenye nyumba asimulie kabla sahani hazijaondolewa.

Kwa hiyo timu yetu ina daftari sasa. Kabla ya kuchagua mapambio, kila mmoja anaandika tendo moja la Mungu la wiki hiyo, na si lazima liwe muujiza. Zaburi ya 104 inamsifu Mungu kwa sababu korongo ana mti wa kujengea nyumba, na mmoja wetu ameandika habari za korongo wakubwa wa pale Nyayo Stadium, wanaolea makinda juu ya migunga huku matatu zikipiga honi chini yao.

Lakini kuna wiki ambazo ukurasa wako unabaki mtupu. Mwaka jana nilimzika kaka yangu. Wengi waliniambia, kwa upendo, "wewe msifu tu." Sikuweza. Usiku mmoja nilifungua Zaburi ya 77 niliyoifundisha miaka mingi. Asafu, mwenye zaburi hiyo, amenyosha mkono usiku kucha, nafsi yake haitaki kufarijiwa, naye anauliza bila kuficha kama Mungu amesahau fadhili zake. Hana tendo jipya la kutaja. Ndipo mstari wa 11 anasema, "Nitayakumbuka matendo ya BWANA," na matendo anayoyakumbuka ni ya baba zake: maji yaliyotetemeka, ngurumo, njia iliyopita katikati ya bahari na nyayo zisizojulikana. Anaazima "kwa maana" ya waliomtangulia. Zaburi haisemi kama shida yake iliondoka. Inakoma ghafla, kundi likiwa bado njiani, likiongozwa kwa mkono wa Musa na Haruni.

Nilisoma kwa sauti mpaka hapo kwa Haruni, nikazima taa.